Maji Huingia au Hutoka? Kumbukumbu ya Ukokotozi wa Maji ya Tanganyika katika Pwani ya Fizi

Mhandisi anayechagua programu ya kompyuta ya kuigiza mwendo wa maji hana budi kujua kwanza mambo mawili: maji hayo yamezungukwa na nini, na huingia na kutoka wapi. Kwa pwani ya Fizi maswali hayo yaliulizwa muda mrefu kabla ya kompyuta, na lugha ilikuwa na sehemu kubwa katika majibu yake.

Mwezi Machi 1858 John Speke alivuka Ziwa Tanganyika hadi kisiwa cha Kasenge, akarejea na habari ya mfanyabiashara Hamid bin Sulayyam kwamba mto wa kaskazini hutoka ziwani. Kwa mujibu wa Richard Burton, Sidi Bombay alikanusha baadaye: Hamid alisema mto huo huingia. Speke hakujua Kiarabu, na mazungumzo yake na Bombay yalikuwa ya Kihindustani. Kitenzi kimoja, basi, kiliweza kuugeuza mto (wanafunzi wa tafsiri na walitafakari hilo). Huko Uvira wana wa Mwami Maruta waliwaambia wasafiri hao kwamba Rusizi huingia, na mwaka 1871 Livingstone na Stanley walijionea wenyewe.

Katika safari hiyo Burton aliieleza Ubwari kuwa ni kisiwa. La hasha; ni rasi, na ghuba iliyo kati yake na Baraka, yenye jina la Burton hadi leo, imefungwa upande wa kusini. Kosa hilo si dogo. Anayeichora Ubwari kama kisiwa atapata mkondo unaopita mahali palipo nchi kavu, hata programu yake iwe bora kiasi gani.

Utata wa Lukuga ulikuwa wa namna nyingine. Cameron aliufikia mwaka 1874, akasema kuwa ndio mlango wa maji kutoka. Stanley, mwaka 1876, aliukuta umezibwa na mchanga na mimea. Maji yalipanda, yakavunja kizuizi mwaka 1878, na mwaka uliofuata Thomson na Hore wakaona mkondo wenye nguvu. Wote walisema walichokiona. Uliobadilika ni mlango wenyewe.

Katika miaka ya 1990 mradi wa utafiti ulioendeshwa na FAO kwa msaada wa Ufini ulipima pepo, joto na mikondo ya ziwa, na modeli za kompyuta zikatungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Naithani na wenzake walitumia modeli nyepesi ya tabaka mbili: maji ya vuguvugu yanayoelea juu ya maji baridi yaliyotulia. Modeli hiyo yaonyesha vyema jinsi upepo wa kiangazi unavyolisukuma tabaka la juu kuelekea kaskazini, na jinsi mpaka wa tabaka hizo unavyobembea upepo ukilegea. Mwaka 2018 Delandmeter na wenzake walichapisha matumizi ya SLIM 3D, ambayo hugawa ziwa katika vipande vya pembetatu vinavyofuata umbo la pwani, na kuzisogeza tabaka zake za wima kuufuata mpaka huo wa joto. Gharama yake ya ukokotozi ni kubwa zaidi.

Kwa maoni yangu, anayechunguza ubembeaji wa ziwa zima, na kwa hiyo virutubisho vinavyolisha ndakala, aweza kutosheka na tabaka mbili. Anayetaka kujua uchafu wa Baraka hukaa muda gani ndani ya ghuba hataweza kuikwepa modeli ya pande tatu.

Lakini swali linalowakera watu wa Baraka ni jingine. Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda mara kadhaa na kufukuza watu katika nyumba za pwani, kama Uvira na Kalemie. Hapo hakuna kati ya modeli hizo mbili inayojibu peke yake. Sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika huondoka kwa mvuke, na Lukuga ndio mlango pekee. Kinachotakiwa kwanza ni hesabu ya mvua, mito, mvuke na hali ya mlango huo, kisha mawimbi ya upepo yaongezwe juu yake. Hesabu hiyo huanzia kwenye kipimo cha kina cha maji kinachosomwa kila siku gatini.