Drive-In ya Msasani: Sinema ya familia iliyogeuka ubalozi

Kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, Drive-In ni jina la mahali, pale Msasani kwenye Barabara ya Bagamoyo ya Zamani. Sinema iliyozaa jina hilo haipo tena. Penye uwanja wake pamejengwa Ubalozi wa Marekani.

Sinema hiyo ya wazi ilifunguliwa mwaka 1966, Msasani ikiwa bado pembezoni mwa mji. Magari yaliegeshwa kwa safu yakielekea pazia kubwa jeupe, na watazamaji wakatazama filamu wakiwa garini. Mtindo huo ulianzia Camden, New Jersey, mwaka 1933, ukiwalenga wenye magari, nao hawakuwa wengi Dar es Salaam. Lakini gari moja liliweza kubeba ukoo mzima. Watu walifika mapema na vyakula vyao, watoto wakacheza hadi giza lilipoingia. Hapo jiografia ilisaidia: mwaka mzima jua la Dar es Salaam huzama kabla ya saa moja usiku, hivyo filamu ilianza kabla watoto hawajasinzia.

Jumapili, siku ya filamu za Kihindi, ndiyo iliyojaza uwanja. Asiyejua lugha hiyo alikifuata kisa kupitia nyimbo na machozi, na pengine hakupitwa na mengi.

Siku hiyohiyo ndiyo iliyopata pigo. Baada ya bei ya mafuta kupanda duniani mwaka 1973, serikali ilikuja kupiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kwa sinema iliyoishi kwa magari, hasara ilikuwa dhahiri. Uhaba wa fedha za kigeni ukapunguza filamu mpya, kisha zikaja kanda za video, na mwaka 1994 vituo binafsi vya televisheni vikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara. Familia zikabaki sebuleni.

Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililipuka kwenye Ubalozi wa Marekani jijini humo na kuua watu 11. Mwaka uliofuata, sheria ya Marekani ilitaka balozi mpya zijengwe angalau mita 30 kutoka mpaka wa kiwanja chake. Uwanja wa sinema ulikuwa na upana huo. Ubalozi mpya ulifunguliwa hapo mwaka 2003.