Mnandi, Mzamiaji wa Ziwa Victoria
Ukitoka kata ya Kitendaguro kwenda ziwani, mtafute ndege mweusi mwenye kifua cheupe, katulia mwambani, mabawa kayatandaza kama shuka kwenye kamba. Ni mnandi, anajikausha. Manyoya yake hulowa kwa nje; hewa inayomfanya aelee hupungua, naye huzama kwa urahisi. Huwafukuza samaki kwa miguu iliyo nyuma kabisa ya mwili, vidole vyote vinne vikiunganishwa na utando.

Pengwini, mzamiaji mwingine, yeye husukuma maji kwa mabawa, na mifupa yake ni mizito. Aliye mkubwa kuliko wote, wa Antaktika, huzama zaidi ya mita 500. Ziwa Victoria lenyewe, penye kina kikubwa zaidi, lina mita 80 hivi. Lakini pengwini haruki. Mnandi huruka.

Tafadhali, usimrushie mawe.