Picha ya watu wanne wakivuka barabara

Leo naacha kidogo habari za barabara mbovu na bei ya unga. Juma lililopita dada yangu mkubwa, anayeishi Manchester huko Uingereza, alinitumia picha kwa WhatsApp. Walikuwa wamesafiri kwenda London wakati wa likizo, yeye, bwana yake na watoto wao wawili. Katika picha wanavuka barabara juu ya mistari myeupe, mmoja nyuma ya mwingine. Mtoto wao wa kiume, ambaye ni wa tatu, hana viatu. Chini yake dada ameandika neno moja tu: "Unakumbuka?"

Ninakumbuka. Ila kwanza niwaeleze barabara hiyo.

Inaitwa Abbey Road. Tarehe 8 Agosti 1969, saa tano na nusu hivi asubuhi, wanamuziki wanne wa kundi la Beatles walitoka nje ya studio waliyokuwa wakirekodia. Santuri yao mpya ilikuwa karibu kwisha. Hapo mwanzo walitaka kuiita Everest, na kulikuwa na wazo la kwenda kupigwa picha kwenye milima ya Himalaya. Safari hiyo ndefu haikuwavutia, wakaona heri watoke tu mlangoni na kuipa santuri jina la barabara iliyo mbele yao. Mpiga picha Iain Macmillan alipanda ngazi katikati ya barabara, polisi mmoja akasimamisha magari, na kazi yote ikachukua kama dakika kumi. Alipiga picha sita. Iliyochaguliwa ni ya tano. Mbele yuko John Lennon kwa suti nyeupe, anafuata Ringo Starr kwa nyeusi, halafu Paul McCartney, na wa mwisho ni George Harrison aliyevaa jinzi. McCartney alikuwa amekuja na sandali. Jua lilikuwa kali, akazivua.

Miguu hiyo mitupu ilizua maneno. Kabla mwaka haujaisha, huko Marekani watu walishikilia kwamba McCartney amekufa, na kwamba ile picha ni ya mazishi: mwenye nyeupe ni padri, mwenye nyeusi ni wa kuandaa maiti, wa jinzi ni mchimba kaburi, na maiti haivalishwi viatu. Ilibidi McCartney mwenyewe azungumze na gazeti la Life kuonyesha kwamba bado anapumua. Sisi tunaopokea simu za uvumi kila asubuhi hapa redioni hatushangai.

Kilichokuwa kweli hakikuonekana kwenye picha. Kundi lilikuwa linavunjika. Siku 12 baadaye, tarehe 20 Agosti, ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa wote wanne kuwa pamoja studioni. Santuri ilitoka tarehe 26 Septemba, na mwaka wa 1970 kundi likaisha. Ukiitazama tena utaona wanaenda wakiiacha studio nyuma. Mwaka wa 1993 McCartney alirudi kwenye mistari ile kupigwa picha na Macmillan yule yule. Safari hii alikuwa na mbwa wake tu.

Sasa kwetu, Kadutu, mjini Bukavu. Papa alikuwa na santuri hiyo, aliachiwa na mwalimu mmoja Mbelgiji aliyerudi kwao. Mashine ya kuipigia ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo sisi hatukuwahi kuisikia. Tulikuwa tunatazama jalada lake tu, limetundikwa ukutani karibu na kalenda ya parokia. Mwaka wa 2002, siku moja ya Pasaka, Papa alimwita mpiga picha wa mtaani. Tulichora mistari kwa majivu juu ya udongo mwekundu mbele ya nyumba, na sisi watoto wanne tukapita juu yake. Majirani walicheka sana. Mama mmoja aliuliza kama tumejiunga na dini mpya.

Miaka miwili baadaye, Juni 2004, mji ulipoanguka mikononi mwa waasi, tulikimbia na sufuria mbili na godoro. Tuliporudi, nyumba ilikuwa tupu. Jalada, albamu ya picha, hata kalenda, vyote vilikuwa vimekwenda. Papa alifariki kabla hatujamuuliza mengi.

Ndiyo sababu nilimpigia dada usiku ule ule. Nikamwambia, yaya, umemweka kijana wako mahali pangu, mimi ndiye nilikuwa wa tatu, mimi ndiye nilivua viatu. Akakataa kabisa. Anasema wa tatu alikuwa mdogo wetu, na kwamba mimi nilikuwa nyuma nikilia kwa sababu suruali ilinibana. Mdogo wetu mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa, tulimzika 2013. Mama, tulipomuuliza, alisema wote mlikuwa bila viatu, viatu vya watoto wanne vingetoka wapi?

Ya London inajulikana saa, ngazi, na hata picha tano zilizoachwa. Tangu Desemba 2010 mistari ile imo katika orodha ya urithi wa Uingereza, na familia kutoka kila upande wa dunia huenda kuipita, madereva wakipiga honi kwa hasira. Ya kwetu haina hata karatasi. Nimejaribu kufumba macho nione mguu wa nani ulikuwa mtupu, ninaona majivu tu.

Yule mpiga picha alizungukia Kadutu miaka ile akiwa na baiskeli na mfuko wa ngozi begani. Alikuwa na tabia ya kujiwekea nakala za picha alizozipenda. Kama yuko hai, au kama kuna familia iliyobaki na sanduku lake, iwe Bukavu, Uvira, au kambini ng'ambo ya mpaka, mtupigie redioni saa za mchana. Watoto wanne, udongo mwekundu, mistari ya majivu. Nyuma kuna ukuta wa bluu.