Ubadilishaji wa mabomba ya maji ya risasi

Ubadilishaji wa mabomba ya maji ya risasi ni kazi ya kuondoa mabomba ya metali ya risasi (plumbi, alama Pb) yanayoleta maji kutoka bomba kuu la mtaani hadi nyumbani, na kuweka ya shaba au plastiki mahali pake. Lengo ni kuwakinga watu, hasa watoto wadogo na wajawazito, dhidi ya sumu ya risasi.

## Chanzo cha tatizo

Risasi ni laini, hupindika kwa urahisi na haishiki kutu kama chuma. Kwa sababu hiyo ilitumika kwa mabomba tangu zama za Roma ya Kale. Mjini Chicago sheria ilidai bomba la risasi kwa nyumba ndogo hadi Marekani ilipopiga marufuku mabomba mapya ya aina hiyo mwaka 1986.

Kwa kawaida maji hayana risasi nyingi yanapotoka mtamboni. Huipata katika mita chache za mwisho, hasa yakilala bombani usiku kucha. Ndiyo maana kupima maji kwenye chanzo pekee hakutoshi. Hupimwa pia kwenye bomba la jikoni.

Mjini Flint, Michigan, chanzo cha maji kilibadilishwa Aprili 2014 bila kuongeza dawa ya kuzuia ulikaji wa mabomba. Utando uliokuwa ndani ya mabomba ulimomonyoka na risasi ikaingia majini.

## Madhara

Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na kwa watu wazima huathiri figo na shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama mwilini. Kwa maji ya kunywa limeweka mwongozo wa mikrogramu 10 kwa lita. Kuchemsha maji hakuondoi risasi. Maji yanapopungua kwa mvuke, risasi hubaki sufuriani.

## Utambuzi na kazi yenyewe

Bomba likikwaruzwa kwa sarafu, risasi hung'aa kama fedha na sumaku hainati. Shaba huonekana nyekundu, na bomba la chuma hushika sumaku.

Fundi huchimba mtaro au huvuta bomba jipya kupitia njia ya lile la zamani. Baadaye maji huachwa yatiririke ili kutoa chembe zilizolegea, na vichujio vya mdomo wa bomba husafishwa.

Kubadilisha nusu tu ya bomba ni hatari. Kukata hutikisa utando wa ndani, na pale shaba inapogusana na risasi, ulikaji huongezeka. Risasi katika maji inaweza kupanda kwa muda.

## Gharama

Mara nyingi sehemu ya bomba ni mali ya mamlaka ya maji na sehemu nyingine ni ya mwenye nyumba. Asiye na fedha hubaki na nusu yake ya risasi, na mpangaji hana uamuzi. Mji wa Newark, New Jersey, ulianza mwaka 2019 kubadilisha mabomba bila kumtoza mwenye nyumba, na sheria ya mji iliruhusu kazi ifanyike hata mwenye nyumba asipopatikana. Mabomba takriban 23,000 yaliondolewa katika muda usiofika miaka mitatu.

## Afrika Mashariki

Katika miji ya Tanzania nyumba kwa kawaida huunganishwa kwa mabomba ya plastiki au ya chuma kilichopakwa zinki. Hata hivyo risasi inaweza kutoka kwenye koki na viungio vya aloi ya shaba, au kwenye lehemu. Mjini Toamasina, Madagaska, pampu za mkono za majumbani zilikuwa na vali zenye risasi; vali hizo zilipobadilishwa kwa za chuma, risasi katika damu ya watoto ilipungua.

Hali hiyo ni tofauti na floridi, inayopatikana katika maji ya sehemu za mkoa wa Manyara, ambako iko kata ya Singe ya mji wa Babati. Floridi hutoka kwenye miamba na huacha madoa ya kahawia kwenye meno. Kwa kuwa imo tayari katika chanzo, kubadilisha bomba hakuiondoi: inahitaji chanzo kingine au kuchuja, kwa mfano kwa mkaa wa mifupa.