Fungu la Mshika Usukani

Kila mwaka jua la Dubai linapolegea, wenzetu hapa mjini hurudia mazoea ya matembezi. Wapo waendao Hatta na masufuria ya pilau, wapo waendao pwani ya Jumeirah na watoto, na wapo, tusifichane, wanaochangishana fedha wakakodi gari pamoja na dereva wake kwa siku nzima, wakazunguka hoteli mbili tatu kuonja mvinyo. Hatuandiki makala haya kumhalalishia mtu wala kumharamishia. Kila mmoja anaijua dini yake. Tunataka kumzungumza yule mtu mmoja ndani ya gari ambaye haonji. Naye ana historia yake, na historia hiyo inatugusa sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani.

Kwanza tukubali kwamba jambo lenyewe si geni katika lugha yetu. Neno "mvinyo" tuliachiwa na Wareno, wale waliojenga Ngome ya Yesu pale Mombasa kuanzia mwaka 1593, na wazee wa pwani walilitumia kwa kileo chochote kikali. "Divai" ina asili ya Kifaransa, lugha ya mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Unguja mwaka 1863 na kufungua misheni Bagamoyo mwaka 1868; bila divai padre hawezi kuadhimisha misa. "Zabibu" tumeipata kwa Waarabu. Tembo la mnazi tulikuwa nalo wenyewe. Na kule Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia ndio wanaotajwa kuotesha mizabibu katikati ya karne ya 20, mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ulaya hawezi kuliota.

Dubai haina shamba la mizabibu. Mvinyo wake huja kwa njia ileile ya mchele, mbao na magari, yaani kwa bandari. Kwa hiyo kuonja mvinyo hapa si kutembelea shamba kama wafanyavyo watu wa Stellenbosch. Ni kutoka hoteli hadi hoteli, kwa kuwa kileo huuzwa katika mahoteli na sehemu zenye leseni, kwa asiye Mwislamu aliyetimiza miaka 21. Serikali ya Dubai iliisimamisha kodi ya asilimia 30 juu ya vileo mwezi Januari 2023, kisha ikairudisha Januari 2025. Wanywaji walinung'unika pande zote mbili: kwanza kwamba bei haikushuka walivyotarajia, kisha kwamba ilipanda upesi.

Lakini hoteli moja na nyingine si majirani. Mji huu zamani ulikuwa umekusanyika kwenye kingo mbili za Khor, Deira upande mmoja na Bur Dubai upande wa pili, na mtu alivuka kwa abra. Mwenye gari ilimbidi azunguke hadi mwisho wa maji, mpaka daraja la Al Maktoum lilipofunguliwa mwaka 1963. Baadaye mji ukajinyoosha kuelekea Jebel Ali, ambako bandari ilifunguliwa mwaka 1979, na leo kutoka Deira hadi Marina ni safari ya kilomita thelathini na ushei. Teksi za zamani hazikuwa na mita, bei ilikuwa ni maneno yako na maneno ya dereva. Mita zilikuja na teksi za serikali katikati ya miaka ya 1990. Mamlaka ya barabara iliundwa mwaka 2005, ushuru wa Salik ukaanza mwaka 2007, na treni ya Metro tarehe 9 Septemba 2009. Pamoja na hayo yote, kundi la watu wanane wenye ratiba yao bado huona ni nafuu kukodi gari moja na dereva.

Tena si nafuu ya fedha tu. Sheria ya nchi hii haina kipimo cha kusamehewa kwa dereva aliyekunywa. Kwingineko ulimwenguni mtu huambiwa glasi moja haina neno. Hapa hata chembe ni kosa. Waonjaji wa kweli hutema mvinyo baada ya kuuzungusha kinywani, nasi tumewaona wenzetu wakijifunza kutema kwa haya nyingi kama bibi harusi. Lakini kwa askari wa barabarani, kuonja na kunywa ni kitu kimoja. Adhabu ni kifungo au faini isiyopungua dirham 20,000, ambayo yaweza kufika 100,000, na leseni husimamishwa. Akifa mtu, kuna diya ya dirham 200,000, na bima yaweza kumgeukia dereva mwenyewe imdai.

Tunaye ndugu yetu aliyetoka nyumbani kuja kufanya kazi ya kuendesha gari la mizigo. Siku moja ya mapumziko alitoka kwenye karamu akasema, "Mimi nimeonja tu." Akagonga nguzo ya taa. Hakuumia mtu, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini leseni ilikwenda, na kwa dereva leseni ndiyo kazi, kazi ndiyo kibali cha kuishi. Miezi michache baadaye tulimchangia tiketi ya kurudi. Mama yake, aliyekuwa akingojea fedha za mwezi kule Tanga, aliambiwa mkataba umekwisha. Ama kweli, pombe si chai.

Basi tangu hapo tukawa watu wa kukodi dereva, na tukajiona tumeerevuka. Hadi siku moja ya Disemba.

Tulikuwa wanane: sita waonjaji, na wawili wasiokunywa, waliokuja kwa ajili ya chakula na mazungumzo. Gari lilitufuata saa tano asubuhi. Dereva alikuwa mtu mzima kutoka Peshawar, mpole, mwenye Kiarabu cha barabarani kama chetu. Tulikuwa tumebishana na ofisi yake juu ya bei mpaka tukapunguziwa, na hatukujiuliza punguzo lile limekatwa wapi. Hoteli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tulitoka ya mwisho saa tatu usiku tukicheka. Yeye alikuwa ndani ya gari, chini kabisa kwenye maegesho.

Mzee mmoja kati ya wale wawili wasiokunywa akamwuliza, "Umekula?" Akajibu kwamba asubuhi alikunywa chai na kula paratha, na kwamba hakuthubutu kwenda mbali kwa kuwa hakujua tutatoka saa ngapi. Saa kumi zilikuwa zimepita. Sisi tulikuwa tumekula mara mbili, tena na mabaki tumeyaacha mezani.

Kicheko kikakatika. Mzee akasema hatuendi nyumbani. Tukaenda Deira, kwenye mkahawa mmoja mdogo, tukakaa watu tisa meza moja, ikaagizwa biriani. Na hapo ndipo mzee alipotupa somo la historia ambalo hatujalisahau.

Alituuliza neno "usukani" limetoka wapi. Tukasema ni la gari. Akasema hapana, ni la chombo, tena Waarabu nao huita "sukkan". Babu yake alikuwa baharia wa majahazi yaliyokuja huku Ghuba na pepo za kusi, yakipakia boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji, na kurudi na kaskazi yakiwa na tende na samaki wakavu. Boriti hizo ndizo zilizobeba dari za nyumba za zamani za hapa. Ukenda mtaa wa Al Fahidi utaziona hadi leo, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Katika majahazi yale, akasema, baharia hakulipwa mshahara wa mwezi. Mwisho wa safari pato liligawanywa mafungu: la mwenye chombo, la nahodha, la mabaharia. Mshika usukani alikuwa na fungu lake, na fungu hilo lilizidi la baharia wa kawaida. Na chakula kililiwa kwenye sinia moja.

Kisha akaongeza kwamba baba yake, alipofika Dubai miaka ya mwanzo ya 1970, alikuwa dereva wa watu. Aliwasubiri nje ya karamu nyingi. "Alikuwa akituambia," akasema mzee, "kwamba kusubiri hakumchoshi, kilichomchosha ni kusahauliwa."

Tusidanganyane kwamba bahari ilikuwa pepo. Mabaharia wengi waliishi kwa madeni, na majahazi hayohayo, kabla ya hapo, yalibeba pia watumwa. Lakini katika hesabu ya safari, aliyeshika usukani alihesabiwa.

Siku hizi tunapochangishana tunagawa kwa mafungu tisa, si manane. Katika fungu la tisa kuna sahani ya mchana, kuna bakshishi inayowekwa mkononi mwake na si ofisini, na kuna saa ya kutoka ambayo anaambiwa tangu asubuhi. Wapo wanaonung'unika kwamba gharama imepanda. Hao tunawakumbusha nguzo ile ya taa.

Na yule mzee bado huja nasi. Haonji kitu. Hukaa kiti cha mbele, kando ya dereva, na akiona saa imefika huwa wa kwanza kusimama.