Mswaki na Kata

Msomaji, kesho asubuhi utakaposhika mswaki wako, utazame kidogo kabla ya kuutia kinywani. Neno hilo ni kongwe kuliko kitu ulichokishika. Limetoka katika Kiarabu, nalo kwetu lilikuwa jina la mti mdogo wa nchi kame, ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, na la kijiti kilichokatwa katika mti huo. Wazee wetu walikitafuna ncha mpaka nyuzi zikachanua, wakasugulia meno. Ncha ilipochakaa waliikata, wakatafuna mahali papya. Kijiti kilipokwisha kilitupwa, kikaoza, kikawa udongo.

Mswaki ulio mkononi mwako una asili nyingine. Huko Ulaya brashi za meno zilitengenezwa zamani kwa mpini wa mfupa na nywele za nguruwe. Mwaka 1935 Wallace Carothers, mkemia wa kampuni ya DuPont huko Marekani, alivumbua nailoni. Na mwezi wa Februari 1938 brashi za nyuzi za nailoni zikaanza kuuzwa. Baadaye mipini nayo ikawa ya plastiki. Brashi hiyo ilipotufikia tuliipa jina la mti wetu. Jina likabaki, lakini tabia ya kitu ikageuka: kijiti huoza, plastiki haiozi. Hukatika vipande vidogo na vidogo zaidi, navyo huingia katika udongo na bahari.

Fanya hesabu. Matabibu wa meno hushauri mswaki wa namna hii ubadilishwe kila baada ya miezi 3 hivi. Basi mtu mmoja hutupa miswaki 4 kwa mwaka, na shule yenye wanafunzi 500 hutupa 2,000. Itakwenda wapi?

Sasa tuingie bafuni. Katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu mlijengwa birika la maji, na samaki wadogo walifugwa ndani yake ili wale viluwiluwi vya mbu. Mwogaji alichota kwa kata iliyofanywa kwa kifuu cha nazi, akajisugua kwa dodoki lililoota bustanini. Hakuwa na kipimo cha lita, lakini mkono wake ulijua umechota mara ngapi. Maji yalitoka visimani, na kuyateka kulikuwa kazi. Kwa hiyo hakuna aliyeyamwaga ovyo. Bafu la manyunyu la leo huweza kutoa lita 9 kwa dakika moja. Anayeoga dakika 10 akiimba ametumia lita 90, yaani zaidi ya ndoo 4 za lita 20, wala mkono wake haukuhisi uzito wowote.

Nisieleweke kwamba kila la kale lilikuwa jema. Kipindupindu kiliua watu wengi sana Unguja mwaka 1869 na 1870, na daktari James Christie, aliyekuwako, aliandika kitabu juu ya maradhi hayo mwaka 1876. Ugonjwa huo huenezwa na maji yaliyoingiwa na uchafu. Sabuni, maji safi ya bomba na dawa ya meno ni neema. Asiyezithamini hakusoma historia. Lililo baya si kuzipata neema hizo, bali ni kuzipokea na kuusahau uangalifu wa wazee wetu.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi wa Agosti 2017. Mwaka 2019 jahazi Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, lilisafiri mpaka Unguja kuwaonya watu wa pwani juu ya taka hizo. Hayo ni mambo makubwa, yafaa kusifiwa. Lakini sheria haiingii bafuni mwako, wala jahazi halifiki huko. Humo mtawala ni wewe.

Basi anza na madogo. Funga bomba unapopiga mswaki. Oga kwa ndoo na kata, au ufupishe muda wa manyunyu. Nunua sabuni ya mche iliyofungwa kwa karatasi badala ya ile ya chupa. Panda dodoki penye ua wa nyumba yenu. Na kama mti wa mswaki waota kwenu, muulize babu akufundishe kuutumia, kabla hajaondoka na elimu yake.

Wahenga walisema akiba haiozi. Plastiki nayo haiozi. Ni juu yetu kuchagua, katika hivi viwili visivyooza, kipi tutawaachia wajukuu.