Kabla ya BTS Kulikuwa na Mkasi: Wakorea Walivyoiteka Dunia

Kila ikija stori ya Wakorea kuiteka dunia kwa muziki na tamthilia, utasikia maelezo yale yale: serikali yao ilimwaga hela, mambo yakajipa. Hela ilikuwepo, sikatai. Ila ukifuatilia historia yenyewe unakuta kuna kitu kingine kizito zaidi, na watu wengi wanakiruka.

Turudi 1992. Aprili mwaka huo vijana watatu, Seo Taiji and Boys, walipanda kwenye kipindi cha vipaji cha televisheni ya MBC. Wakachanganya rapu, gitaa na kucheza, kitu ambacho wakubwa pale hawajakizoea kabisa. Majaji wakawapa alama za chini. Mtaani ikawa kinyume: ile ngoma ilikaa namba moja wiki 17. Wengi wanahesabu hapo ndipo K-pop ilipoota mizizi.

Sasa, enzi zile Korea huwezi kuachia wimbo kienyeji tu. Lazima mashairi yapite kwanza kwa wakaguzi. Mwaka 1995 kundi hilo hilo likapeleka wimbo unaoichana jamii na wakubwa wake, wakaguzi wakataka mistari ibadilishwe. Seo Taiji hakubadilisha. Akafuta maneno yote, akaachia biti tupu kwenye albamu. Mashabiki wakawaka! Na hakuwa peke yake. Kabla yake mwimbaji mmoja wa nyimbo za harakati, Jung Tae-chun, alishatoa albamu zake bila kibali akijua kabisa anaweza kwenda na maji. Juni 1996 ukaguzi wa nyimbo kabla hazijatoka ukafutwa. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ikasema na filamu nazo zisikaguliwe hivyo, ni kinyume cha katiba.

Yaani mkasi ukawekwa chini kwanza. Wimbi likaja baadaye.

Mwaka 1997 uchumi ukaanguka, nchi ikaenda kupiga hodi IMF. Wananchi walitoa pete na mikufu yao ya dhahabu kusaidia kulipa deni la taifa. Katikati ya hali hiyo, 1998, akaingia Rais Kim Dae-jung. Huyu aliamini utamaduni ni biashara, akaweka bajeti, na 1999 ikapita sheria ya kukuza tasnia hizo. Msimamo wake kwa wasanii ulikuwa rahisi: tutawasaidia, hatutawaingilia.

Akafanya na kingine kilichowatia watu presha. Korea ilitawaliwa na Japani kuanzia 1910 mpaka 1945, na kwa miaka mingi muziki na filamu za Kijapani zilipigwa marufuku. Kim akaanza kufungua mlango kidogo kidogo. Watu wakasema tumekwisha, Wajapani watatumeza. Kumbe mlango ukifunguliwa unapitisha watu pande zote mbili! Tamthilia ya Winter Sonata ya 2002 ikaenda kuonyeshwa Japani, na akina mama wa kule wakachanganyikiwa na mwigizaji Bae Yong-joon. China nako tamthilia za Kikorea zilishaanza kupendwa tangu 1997. Huku kwetu wengi tulianzia na Jumong.

Mengine mnayajua. Desemba 2012 Gangnam Style ya Psy ikawa video ya kwanza YouTube kufikisha watazamaji bilioni moja. Mwaka 2018 BTS wakakaa namba moja chati ya albamu ya Billboard 200 Marekani.

Ila tusijidanganye kwamba kila kitu kilikuwa asali. Nyuma ya kila staa kuna madogo kibao walioanza mazoezi wakiwa watoto na majina yao hatutayajua kamwe. Mwaka 2009 wasanii watatu wa TVXQ walienda mahakamani kupinga mkataba wa miaka 13. Hebu fikiria, miaka 13! Mwaka huo huo mamlaka ya ushindani wa biashara iliweka mkataba wa mfano wenye kikomo cha miaka 7.

Na mkasi wenyewe ulijaribu kurudi. Mwaka 2016, chini ya Rais Park Geun-hye, ilivuja orodha ya siri yenye majina zaidi ya 9,000 ya watu wa sanaa walioonekana wapinzani, ili wanyimwe msaada wa serikali. Maofisa wakubwa waliohusika waliishia mahakamani. Unajua nani alikuwa kwenye orodha? Bong Joon-ho. Ndiyo, yule yule ambaye Februari 2020 filamu yake ya Parasite ilichukua Oscar ya filamu bora, ya kwanza isiyo ya Kiingereza. Na Parasite inasema nini? Inawaanika matajiri na maskini wa Korea yenyewe, bila kuipamba nchi hata kidogo.

Kwa hiyo mtu akikwambia "tuige Korea", muulize anataka kuiga ipi. Bajeti kila mtu anaitamani. Lakini je, yuko tayari kusikia wimbo unaomsema yeye mwenyewe, ukapigwa redioni, na asiufanye chochote?

Nyie mnaonaje, hela au uhuru, kipi kiliwabeba zaidi? Tiririkeni hapo chini.